Chandarua cha Muleba na Matone ya Macho

Ndugu msikilizaji, uwe Nyanga, Kashai au Rwamishenye hapa mjini Bukoba, uwe Kamachumu, Nshamba au kisiwani Goziba, leo nataka tuzungumze juu ya mtoto wa jicho, na hasa juu ya dawa zinazouzwa kwa ahadi kwamba zitamzuia asitokee, au zitamwondoa bila mtu kulala kwenye meza ya upasuaji. Dawa hizo zimejaa. Kuna unga wa mlonge unaofungwa kwenye vipakiti, kuna vidonge vya vitamini vinavyopitishwa nyumba kwa nyumba na mawakala wa kampuni za virutubisho, kuna matone yanayoagizwa kwa simu kutoka nje ya nchi, kuna asali mbichi, kuna maji ya majani yanayokamuliwa moja kwa moja ndani ya jicho. Wanaoziuza si matapeli wote. Wengi wanaziamini kabisa na wanawapa hata mama zao. Kwa hiyo sitaanza na nia ya muuzaji. Nataka kuanza na jambo linaloweza kupimwa: je, kuna mtu aliyewahi kuonyesha kwamba dawa hizi zinazuia mtoto wa jicho, na alionyesha kwa njia gani? Na pale jibu linapokuwa hapana, au linapokuwa bado haijulikani, mtu ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu afanye nini na fedha yake na muda wake?

Kwanza tuelewe kinachotokea. Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, kipande kidogo kinachopitisha na kukusanya mwanga, kisicho na hata mshipa mmoja wa damu. Kimejengwa kwa protini zilizopangika vizuri mno, na zile za katikati kabisa tunazaliwa nazo na kuzeeka nazo. Mwili hauzibadilishi kama unavyobadilisha ngozi au damu. Miaka inavyokwenda, mionzi ya jua, sukari iliyozidi kwenye damu, moshi wa sigara na umri wenyewe huziharibu protini hizo, zikaanza kushikamana, na lenzi iliyokuwa angavu ikafifia hadi ikawa kama kioo chenye mvuke. Mfugaji yeyote anajua kwamba maziwa yakishaganda hayarudi kuwa mabichi kwa kuongezewa kitu, na protini za lenzi nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana tiba yenyewe ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia, kazi iliyoanzishwa na daktari Mwingereza Harold Ridley jijini London mwaka 1949, na ambayo leo mpasuaji mzoefu huimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, na sehemu kubwa ya upofu huo ungeondoka kwa upasuaji huo mmoja. Naomba hilo likae kichwani, maana kila nitakachosema baadaye kinasimama juu yake: tunazungumzia ugonjwa ambao dawa za kuuzuia zina ushahidi haba, lakini tiba ya kuuondoa ina ushahidi mwingi.

Sasa, ushahidi ni nini? Hapa watu wa Muleba wana haki ya kusema kuliko wengi. Mwaka 2015 katika wilaya hiyo yaligawiwa makundi mawili ya vyandarua: vya kawaida vyenye dawa, na vya aina mpya vilivyoongezwa kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuivunja dawa ile. Vijiji viligawanywa katika maeneo 48, na eneo lipi lipate chandarua kipi likaamuliwa kwa kura, si kwa kujuana wala kwa kuchagua penye mbu wachache. Kisha wakapimwa watoto. Baada ya miezi 9, waliokutwa na vimelea vya malaria katika maeneo ya chandarua kipya walikuwa asilimia 29, na katika maeneo ya chandarua cha kawaida asilimia 42. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza chandarua hicho kwa nchi nyingine zenye mbu sugu, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet. Leo mtoto wa nchi ya mbali analala ndani ya chandarua hicho kwa sababu watoto wa Muleba walikubali kutobolewa kidole. Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyofanyika. Kulikuwa na kundi la kulinganisha. Kulikuwa na kura. Kulikuwa na kipimo kilichokubaliwa kabla ya kazi kuanza. Na matokeo yangetangazwa hata kama chandarua kipya kingeshindwa. Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukiweke mbele ya chupa ya dawa ya macho.

Chupa nyingi husimama juu ya hoja moja, nayo si ya kijinga. Inasema kwamba lenzi huharibiwa na kemikali kali zinazozalishwa na jua na moshi, kwamba vitamini C, vitamini E na rangi za njano na kijani za mboga huzizima kemikali hizo, basi mtu akila vidonge vyenye vitu hivyo kwa wingi lenzi yake itadumu. Wanasayansi wenyewe waliiamini hoja hii, na kwa kuwa waliiamini wakaipima. Nchini Marekani watu zaidi ya 4,600 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 6, wengine wakipewa vitamini C, E na beta-karotini, wengine wakipewa vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani. Matokeo yakatoka mwaka 2001: kwa mtoto wa jicho, hapakuwa na tofauti. Kusini mwa India, kwenye jua kali kama letu na chakula duni, watu 798 walipewa vitamini hizo hizo au kidonge kitupu kwa miaka 5. Hapakuwa na tofauti. Lutini, ile rangi ya mboga inayotajwa kwa herufi kubwa kwenye makopo ya virutubisho, ilijaribiwa nchini Marekani kwa watu zaidi ya 4,000 na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Haikupunguza idadi ya waliohitaji upasuaji. Mwaka 2012 mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaokusanya na kuchuja tafiti za tiba, ulijumlisha majaribio 9 yenye watu zaidi ya 117,000 na ukahitimisha kwamba vitamini hizi hazizuii mtoto wa jicho wala hazipunguzi kasi yake. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba madaktari hawajawahi kuchunguza mambo haya, ajue si kweli. Wamechunguza, kwa fedha nyingi na kwa matumaini, na wamerudi mikono mitupu.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana kuuficha kungekuwa kufanya kile kile ninachomlaumu muuzaji. Huko Linxian nchini China, katika eneo ambalo watu walikuwa na upungufu mkubwa wa virutubisho, jaribio lililochapishwa mwaka 1993 lilionyesha kwamba waliopewa mchanganyiko wa vitamini na madini, wenye umri wa miaka 65 hadi 74, walikuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 36 ya kupata aina moja ya mtoto wa jicho, ile inayoanzia katikati ya lenzi. Katika jaribio jingine la hapo hapo, vitamini mbili za kundi B zilipunguza aina hiyo hiyo, ila zikaongeza aina nyingine inayotokea nyuma ya lenzi. Na madaktari wanaume 14,641 wa Marekani waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 11 walipata nafuu ndogo ya asilimia 9 kwa kumeza vidonge vya vitamini mchanganyiko. Hizi ni tafiti halali, nami nazichukulia kwa uzito. Zinasema nini kwetu? Zinasema kwamba mtu mwenye lishe duni huenda akafaidika na lishe bora, jambo linalotuhusu Kagera, ambako sahani ikijaa ebitoke, yaani ndizi za kupika, mtu hushiba kabla hajakumbuka mboga. Maharage, dodo, dagaa, mayai, parachichi, papai: hivyo vinalimwa, vinavuliwa na vinafugwa hapa hapa. Lakini kutoka kwenye watu wenye njaa ya virutubisho wa Linxian hadi kwenye kopo la bei kubwa analouziwa mwalimu mstaafu anayekula vizuri ni safari ndefu, na hakuna utafiti uliolijenga daraja hilo.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja unaotumiwa sana sokoni. Ni kweli kwamba ukosefu wa vitamini A hupofusha, na ndiyo maana watoto wetu hupewa matone ya vitamini A kwenye kampeni za afya. Lakini upofu huo ni wa mtoto mwenye utapiamlo, nao huharibu kioo cha mbele cha jicho. Hauhusiani na lenzi ya bibi wa miaka 70. Sifa ya karoti kama kinga ya macho imetoka huko, ikavushwa na kubandikwa kwenye ugonjwa mwingine.

Matone yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha mtoto wa jicho nayo yana historia fupi. Yanayojulikana zaidi yana kemikali iitwayo asetili-kanosini. Mwaka 2017 wachunguzi wa Cochrane walitafuta majaribio yanayostahili kuaminiwa juu ya matone hayo. Hawakupata hata moja lililokidhi vigezo. Mwaka 2015 dunia ilishangilia kemikali nyingine, lanosteroli, iliyoonekana kusafisha lenzi za mbwa. Wengine walipoziloweka ndani yake lenzi halisi zilizotolewa kwa wagonjwa, hazikubadilika. Huenda siku moja dawa ya namna hiyo ikapatikana, nami ningefurahi sana. Ila kinachouzwa leo kinauzwa kana kwamba siku hiyo imekwisha kufika.

Tuje nyumbani, kwenye mimea yetu, maana hapa hoja inagusa heshima na si mfuko peke yake. Mtu anaweza kuniambia: hao Wamarekani walipima vidonge vya kiwandani, hawakupima majani ya kwetu Bugabo. Ni kweli. Tena naongeza nguvu kwenye hoja yake. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, taasisi yenye mizizi tangu mwaka 1974, walikuja Kagera wakakaa na waganga wa Bugabo, wa kata ya Katoro wilayani Bukoba na wa kijiji cha Kikuku wilayani Muleba, wakaandika majina ya mimea, sehemu zinazotumika na magonjwa yanayotibiwa, na kazi yao ikachapishwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Ni kazi ya thamani kubwa. Bila hiyo maarifa mengi yangezikwa na wazee. Lakini orodha ya mimea inayotumika ni mwanzo wa kazi. Inatuambia watu wanatumia nini. Haituambii waliotumia walipata nini kuliko wasiotumia. Mchina Tu Youyou alianzia kwenye maandiko ya kale ya tiba za kwao, akaupata mmea wa atemisia, akachuja kemikali yake, ikajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu, na leo dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati ya Kagondo au Nyanga imetoka huko. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea haukudharauliwa kwa kupimwa. Ulitukuzwa. Anayesema mimea yetu isipimwe kwa sababu ni ya asili ndiye anayeinyima nafasi hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002 na ina Baraza la kuwasajili waganga, na hilo ni jambo jema. Ila cheti cha mganga kinamtambua yeye, hakithibitishi kwamba kila anachokitia kwenye jicho kinafanya kazi.

Na kwa nini watu waaminifu kabisa huapa kwamba wamepona? Swali hili linastahili jibu lenye adabu, kwa sababu mara nyingi wanachokisimulia kimetokea kweli. Mtoto wa jicho wa katikati ya lenzi, anapoanza, huifanya lenzi iwe na nguvu zaidi ya kupinda mwanga. Mzee aliyekuwa hawezi kusoma bila miwani ghafla anaisoma Biblia au Kurani kwa macho matupu, akiishika karibu. Kama wiki hiyo alikuwa akinywa unga wa majani, atausifu unga, na ana kila sababu. Kumbe ugonjwa ndio unaokua, na baada ya miezi nafuu hiyo inapotea. Jambo la pili: kuna mimea ambayo maji yake hupanua mboni, na mboni ikipanuka mwanga hupita pembeni mwa ukungu, mtu akaona vizuri kwa saa au siku chache. Nayo hiyo ni nafuu ya kweli, ila si tiba, na kwa mtu mwenye jicho la aina fulani kupanuka huko kunaweza kuzusha presha kali ya jicho na kumpofusha ndani ya siku mbili tatu. Jambo la tatu ni kwamba waliopofuka hawaitwi kutoa ushuhuda. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na shuhuda zilijaa magazetini. Lakini hakuna aliyewafuata waliokunywa wote, nyumba kwa nyumba, baada ya mwaka, kama walivyofuatwa watoto wa vyandarua vya Muleba. Ushuhuda wa mmoja ni wa kuheshimiwa kama habari yake yeye. Hauwezi kubeba uamuzi wa wengine.

Pingamizi ninalolisikia kuliko yote ni hili: kujaribu kuna ubaya gani? Nalijibu kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo macho yanapotea. Katika hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, watafiti waliwachunguza wagonjwa 103 waliokuja na vidonda kwenye kioo cha jicho, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: takriban robo ya vidonda hivyo vilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Jani lililookotwa shambani, asali iliyokaa kwenye chupa ya soda, maziwa ya mama: hakuna hata kimoja kilichosafishwa vijidudu, na kioo cha jicho hakina ngozi ya kukilinda. Mtoto wa jicho angeweza kuondolewa. Kovu la kioo halitoki kirahisi. Vidonge navyo si salama kwa sababu tu vimeitwa virutubisho. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio lililotangazwa mwaka 1994, na waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Aliyekusudiwa kusaidiwa akaumizwa, na bila jaribio hilo tusingejua mpaka leo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana, nayo ni ya ugonjwa kuitwa kwa jina lisilo lake. Si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, huanza kimya, inakula kingo za uwezo wa kuona, na kinachopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Kinachowezekana ni kuzuia mabaki yasiondoke. Mtu mwenye glakoma akitumia mwaka mzima kunywa unga kwa kudhani ana mtoto wa jicho, huo mwaka ameununua kwa macho yake. Na kutofautisha hakuhitaji mashine za ajabu kwa hatua ya kwanza. Mhudumu wa macho humsimamisha mtu mita 6 kutoka kwenye chati yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, mtu anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi, jicho moja baada ya jingine. Akishindwa, anapewa kadi yenye kitundu kidogo cha ukubwa wa ncha ya pini achungulie. Akiona vizuri kupitia kitundu, mara nyingi tatizo lake linamalizwa na miwani tu. Asipoona, tochi inamulikwa kwenye mboni kutafuta weupe, kisha anapelekwa kupimwa presha ya jicho. Dakika kumi hizo zina thamani kuliko makopo yote ya virutubisho, maana ndizo zinazosema tunapigana na nini.

Msikilizaji makini atanikamata hapa. Ataniuliza: wewe unayedai majaribio ya kura, je, kofia na miwani ya jua mnayotuhimiza kuvaa zimepimwa kwa kura? Hazijapimwa hivyo. Ushahidi wake ni wa daraja la chini. Unatoka kwa watu kama wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, waliochunguzwa na utafiti wao kuchapishwa mwaka 1988: mvuvi aliyepokea mionzi ya jua maradufu alikuwa na hatari mara 1.6 ya aina moja ya mtoto wa jicho, ile ya kingo za lenzi, na si ya aina ya katikati. Habari ya moshi wa kuni, ambao nao tunawahimiza watu kuuepuka, inatokana na ulinganisho uliofanyika Nepal na India, ambako wanawake wanaopikia majiko yasiyo na bomba la moshi walionekana kuwa na hatari karibu mara mbili. Tafiti hizo zinaweza kuwa na dosari. Kwa nini basi naikubali kofia na kulikataa kopo?

Kwa sababu kiasi cha ushahidi ninachokidai kinategemea kile ninachoombwa kutoa, na kile nitakachopoteza nikiwa nimekosea. Mama anayegeuza dagaa mchangani pale Goziba saa sita mchana, digrii chache tu kutoka ikweta, jua likimpiga kutoka juu na mchanga mweupe na maji vikimrudishia mionzi kutoka chini, akivaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana anatoa fedha kidogo mara moja, na hata kama haitamzuilia mtoto wa jicho itampunguzia jua usoni. Kuondoa moshi jikoni kunafaa kifua cha mama na cha mtoto wake mgongoni hata macho yakiwekwa kando. Kuacha sigara na kudhibiti kisukari hakuhitaji hoja ya mtoto wa jicho kabisa. Mambo haya yakishindwa kwa macho, bado yamelipa kwingine. Kopo au matone yakishindwa, hayajalipa popote: fedha imekwenda, mwezi umekwenda, na mtu amejipa moyo kwamba ameshashughulikia tatizo. Muuzaji wake ndiye ninayemdai ushahidi mzito, na ni yeye anayepaswa kuuleta. Si kazi ya mgonjwa kuthibitisha kwamba dawa haifai.

Nikiwa hapo niseme jambo moja ambalo wahusika wa tiba za kisasa hawapendi kusikia. Kuna dawa za hospitali zinazoleta mtoto wa jicho. Matone yenye deksamethasoni na ndugu zake hutuliza muwasho haraka sana, na kwa sababu hiyo watu huyanunua duka la dawa bila cheti, wakayatumia mwezi baada ya mwezi kwa mtoto wa shule anayesuguasugua macho kila kiangazi. Yakitumika kwa muda mrefu bila uangalizi huharibu lenzi na hupandisha presha ya jicho. Kwa hiyo sisemi kwamba cha kizungu ni salama na cha asili ni hatari. Mzazi anayekagua lebo ya matone kabla ya kuyarudia amefanya kinga yenye uhakika kuliko unga wowote.

Kuhusu upasuaji, hofu iliyopo si ya kubezwa. Jicho linaweza kuingia vijidudu, lenzi inaweza kuwekwa yenye nguvu isiyolingana na jicho, na wapo wanaorudi wakiona chini ya walivyotarajia. Tofauti ni kwamba matokeo hayo huandikwa: mgonjwa husomeshwa chati kabla na baada, na hospitali yenye nidhamu inaweza kukuambia wangapi kati ya mia waliona vizuri. Muulize muuza matone swali hilo hilo. Tena faida yenyewe imepimwa mbali zaidi ya chati. Utafiti uliofanyika Kenya, Ufilipino na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walirudi kwenye kazi za uzalishaji na matumizi ya kaya zao yaliongezeka. Bibi aliyekuwa anashikwa mkono kwenda shambani anarudi kupalilia migomba, na mjukuu aliyekuwa macho yake anarudi shule.

Kwa nini basi wengi hawaendi? Uchunguzi uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba uamuzi mara nyingi si wa mgonjwa peke yake. Ni wa familia: nani atoe fedha, nani amsindikize, na kama mzee mwenyewe anajiona bado anastahili gharama hiyo. Hapo ndipo dawa ya chupa inaposhinda. Haishindi kwa ushahidi. Inashinda kwa sababu inafika mlangoni, inalipwa kidogo kidogo, na haimlazimishi mzee kumwomba mwanawe aliye Mwanza au Dar es Salaam. Kumhubiria mzee huyo juu ya majaribio ya kura bila kumrahisishia njia ya hospitali ni kumwongezea mzigo. Sera ya nchi inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, lakini msamaha wa dirishani haumlipii mtu boti ya kutoka Goziba wala gari la kutoka Kamachumu. Halmashauri za Bukoba na Muleba zinaweza kuweka chati ya E, kadi yenye tundu na tochi katika kila zahanati, na kumfundisha mhudumu mmoja kuvitumia. Ni vifaa vya bei ndogo. Na tarehe za kliniki za macho zitangazwe kanisani, msikitini, mialoni na kwenye redio hii wiki kadhaa kabla, ili aliye mjini apate muda wa kutuma nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji.